Jibu: Kwa nini Poole waliongoza ligi 2010 lakini bingwa ni Coventry?

Habari ndugu. Umeona Poole Pirates kileleni mwa msimamo wa Elite League ya 2010, iliyokuwa ligi kuu ya Uingereza ya speedway (mbio za pikipiki za timu), halafu orodha ya mabingwa inasema Coventry Bees, ukadhani moja limekosewa. Yote mawili ni sahihi.

Cha kwanza angalia mwaka. Hadi 2001 aliyeongoza msimamo ndiye bingwa, kama Oxford mwaka huo. Kuanzia 2002 timu za juu ziliingia mtoano, na fainali ilichezwa nyumbani na ugenini, pointi zikajumlishwa. Coventry waliwashinda Poole kwenye fainali ya 2010. Binafsi naona iliwauma Poole kupita kiasi, maana msimu mzima walikuwa juu.

Pia usisome matokeo kama ya mpira. Mechi ina mbio 15. Kila mbio wanatoka waendeshaji wanne, wawili kila timu, mizunguko minne, pikipiki hazina breki. Wa kwanza 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho patupu. Wenzako wawili wakitangulia, hiyo ni 5-1, na mbio mbili za namna hiyo zinageuza mechi nzima. Ndiyo maana utakuta 46-44: jumla kwa kawaida ni 90.

Kwa hiyo ukiandaa jedwali lako, weka safu mbili: aliyeongoza msimamo, na bingwa. Ukikwama mwaka fulani, uandike hapa tuutazame pamoja.