Dawa hupenyezwa "na" mawimbi au "kwa" mawimbi?

Swali: Ninafundisha wauguzi mjini Gulu. Katika maelezo ya somo la ultrasaundi nimeandika: "Dawa inapenyezwa na mawimbi ndani ya seli hai." Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba ni lazima iwe "kwa mawimbi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kanuni anayoitetea mwenzako ni ya kweli. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hutaja kifaa. Ndiyo maana tunasema mtoto amechanjwa na muuguzi kwa sindano. Hata hivyo, nguvu za maumbile nazo huhesabiwa kuwa watenda, kwani paa huezuliwa na upepo, wala hakuna asemaye "kwa upepo". Sarufi peke yake, basi, haiamui. Inatupasa kuuliza mawimbi yenyewe yanafanya nini.

Ultrasaundi ni sauti iliyozidi hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kumpima mama mjamzito. Katika tiba unayoieleza, mgonjwa hudungwa viputo vidogo mno vya gesi, vilivyofunikwa kwa tabaka jembamba la mafuta au protini. Mawimbi yakivifikia, viputo hutanuka na kusinyaa mfululizo, na vingine hupasuka, hata utando wa seli iliyo karibu ukapata vitundu ambavyo, mtikiso ukiwa wa kiasi, huziba tena baada ya muda mfupi. Mtikiso ukizidi, seli hufa, na neno "hai" katika sentensi yako halitakuwa kweli tena. Kwa vitundu hivyo ndivyo dawa hupata njia.

Hapo ninatofautiana nanyi nyote wawili, kwa kuwa kasoro kubwa iko katika kitenzi. "Penyeza" ni kufanya kitu kipenye, na mwenye kukusudia hivyo ni daktari, ilhali mawimbi hufungua njia tu. Ningeandika: "Mawimbi hutikisa viputo, viputo hutoboa utando, na dawa hupenya ndani ya seli." Ukipenda kuanza na mtu, "Daktari hupenyeza dawa ndani ya seli kwa msaada wa mawimbi" ni sentensi safi kabisa. Tena tumia "hu-" badala ya "-na-", maana unaeleza jinsi jambo linavyotendeka siku zote, si linalotendeka sasa hivi mbele ya wanafunzi wako.