Uliza Kocha: 5x5 au 3x5, na kwanini chuma kimegoma kupanda

SWALI: Kocha mambo vipi. Mi nina miaka 23, niko Mbagala, kilo 62. Kazi yangu saidia fundi, kutwa nabeba mifuko ya saruji na ndoo za zege. Jioni napiga chuma jimu ya mtaani kwetu. Mwanzo nilifuata programu ya 5x5, yaani seti tano za kunyanyua mara tano tano, niliyoikuta kwenye simu, ikaenda freshi mpaka skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) nikafika kilo 60 ikagoma, presi ya juu, ile ya kusukuma chuma juu ya kichwa, ndo kabisa imekwama 40. Mshkaji akasema hiyo ya kizamani, twende siku sita kwa wiki, leo kifua kesho mikono, nikaenda nae wiki mbili nikahisi nakufa. Sasa kuna mwingine ananiambia 3x5 ndo kiboko. Ipi bora? Halafu pleti ndogo kabisa tuliyonayo ya kuchomeka kwenye chuma ni ya kilo 5, na chuma chenyewe kachomelea fundi.

JIBU: Poa mdogo wangu. Yaani umeandika barua nzima unauliza programu halafu jibu umelitupa kwenye sentensi ya mwisho, kule kwa fundi na pleti ya kilo 5. Tutafika huko.

Kwanza 5x5 na 3x5 ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Zote unafanya mazoezi makubwa machache, zote unaongeza uzito kidogo kila unaporudi jimu, tofauti ni kwamba moja inakupa repu 25, yaani kunyanyua mara 25, za uzito wa kazi na nyingine 15. Tena huyo mshkaji wako yuko sahihi kwamba ni ya kizamani, Reg Park, yule Muingereza mjenga misuli aliyechukua taji la Mr Universe 1951, alikuwa anapiga seti tano za tano, ila mbili za kwanza alikuwa anapanda taratibu na tatu za mwisho ndo uzito kamili. Hesabu mwenyewe, hiyo si ni 3x5 yenye kupasha mwili moto kwanza? Kwahiyo watu wanaogombana hapo mtaani wanagombania kitu kile kile.

Kwako wewe nachagua 3x5, na sababu sio kwamba ni bora, sababu ni saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, mtu anayebeba hiyo kutwa mgongo na miguu yake imeshafanya kazi kabla hajagusa chuma, huwezi kumpa repu 25 za skwoti mara tatu kwa wiki kama mtu anayeshinda kwenye kiti. Na siku tatu pia nazipunguza, fanya mbili. Jumapili huna saiti, hiyo iwe siku yako nzito: skwoti 3x5, benchi (unalala unasukuma chuma juu) 3x5, kuvuta chuma tumboni 3x8. Jumatano jioni: skwoti tena 3x5, presi ya juu 3x5, halafu dedilifti, ile ya kunyanyua chuma kutoka chini, seti moja tu ya repu 5 basi, ndio moja, dedilifti inachosha kuliko inavyoonekana. Wiki ambayo saiti wamemwaga jamvi, ile skwoti ya Jumatano piga na uzito wa nyuma kidogo, usione aibu.

Ile ya siku sita ni ya watu walioshajaa misuli kwa miaka, tena wengi wao hawabebi zege. Anayeanza anaweza kubeba zaidi kila baada ya siku mbili tatu, sasa kwanini usubiri wiki nzima kifua kirudi tena?

Haya sasa chuma. Chuma cha kiwandani cha kawaida kina kilo 20, cha wanawake 15. Cha fundi wa kuchomelea kina kilo anazojua Mungu, inategemea alitumia bomba au nondo ngumu, nimeona cha kilo 9 na nimeona cha kuvunja bega. Mkibebe, nyie wawili, mkipeleke kwa wanunua chuma chakavu, wale wana mizani, mpime chuma na kila pleti, hasa kama mna zile za zege lililogandishwa kwenye kopo la rangi maana hizo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana kilo nzima, halafu andikeni kwa rangi. Inawezekana 40 yako sio 40.

Kwanini nakomaa na hili? Pleti ndogo kabisa ni 5, unaweka mbili, kwahiyo kila ukiongeza unaongeza 10. Kutoka 40 kwenda 50 kwenye presi ni robo nzima ya uzito kwa mkupuo mmoja! Na kama chuma ni cha kilo 12 mkakihesabu 20, basi ni kutoka 32 kwenda 42, hiyo ni karibu theluthi. Hakuna bega la mtu anayeanza litakalokubali. Programu haijagoma, nyongeza ndo kubwa. Mwenye pleti za kilo 1.25 angeongeza 2.5 na angekuwa bado anapanda, wewe ukaona umefeli ukaanza kutafuta programu nyingine, na hata 3x5 ingekwama pale pale.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza tengeneza vipleti vyenu: vifuko vya mchanga vya kilo moja moja, vishonwe turubai gumu, vifungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli pembeni ya pleti visiningʼinie. Kilo moja kila upande, umeongeza 2. Vipande vya mnyororo pia vinafanya kazi. Presi na benchi ongeza 2 kila ukirudi, skwoti 2 mpaka 4, dedilifti 5 mpaka ianze kuwa ngumu. Ya pili kama hutaki ushonaji, baki na uzito ule ule ila panda repu: leo 3x5, ukirudi 3x6, halafu 7, halafu 8. Ukiweza 3x8 safi ndo unaruka kwenye pleti kubwa na kurudi kwenye 5, au hata 4 siku ya kwanza, haina shida. Ni pole pole zaidi lakini inafika, mi kwa presi ya juu naipenda hii kuliko ya mifuko.

Ukikwama hata hivyo, maana siku itafika, presi ndo inakwamaga ya kwanza kwa kila mtu kwasababu misuli yake ni midogo. Ukishindwa kumaliza repu uzito ule ule mara tatu mfululizo, shusha asilimia 10, 60 iwe 54, anza kupanda upya. Kabla ya kushusha lakini jiulize unapumzika muda gani kati ya seti. Jimu za mtaani kuna foleni ya chuma kwahiyo watu wanapumzika dakika moja wanadhani ndo ukali, kwa seti nzito unataka dakika 3 mpaka 5. Pangeni watu watatu kwenye chuma kimoja na foleni yenyewe inakuwa mapumziko.

Dedilifti: pleti za kiwandani zina upana wa sentimita 45 kwahiyo chuma kinakaa sentimita 22 na kitu kutoka chini, makopo yenu ni mafupi na unainama sana mpaka mgongo unakunjika. Weka mbao nene chini ya makopo. Mbao, sio tofali, tofali likipasuka umeumia. Na benchi ukiwa peke yako usifunge vibano pembeni, chuma kikikulalia kifuani unainamisha upande mmoja pleti zinadondoka, ni kelele lakini unaamka.

Msosi: kwa kilo zako lenga kama gramu 100 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kwahiyo mayai peke yake yatakufilisi, dagaa wakavu ndo mkombozi, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na maharage kila siku. Ule unga wa protini wa kwenye madebe achana nao, hela hiyo nunua dagaa na mchele.

SWALI: Habari kocha. Mimi ni dada wa miaka 31, niko Mombasa, nimelipia jimu nzuri ila kile chuma kirefu kitupu kinanishinda kusukuma juu ya kichwa. Mkufunzi wetu ananipeleka kwa mashine, anasema vyuma vitanifanya kama mwanamume. Nikubali tu?

JIBU: Dada usikubali. Wanawake walianza kunyanyua vyuma Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na daraja la chini kabisa lilikuwa kilo 48, hebu tafuta picha zao uone kama ni wanaume. Misuli mikubwa ya kiume inataka homoni ambazo wewe unazo kidogo mno ukilinganisha nao, tena hata wao wenye nazo wanahangaika miaka.

Kushindwa na kilo 20 juu ya kichwa siku za mwanzo ni kawaida kabisa. Uliza kama wana chuma cha kilo 15, jimu nyingi wanacho kimesimama kona hakuna anayekigusa, au kile kifupi cha kilo 10. Kama hakuna anza na damubeli mbili za kilo 5. Skwoti na dedilifti utashangaa, huko utapanda haraka tu, anza na chuma kitupu uongeze 2.5. Kwa presi na benchi zile programu zinazosema ongeza 2.5 kila siku zimeandikwa kwa kijana wa kiume wa kilo 80, wewe ongeza kilo moja, nunua vipleti vya nusu kilo uwe navyo kwenye mkoba. Ikigoma, badala ya seti 3 za 5 piga seti 5 za 3 kwa uzito ule ule, repu zinabaki 15 ila kila seti ni fupi, wadada wengi wanavuka hapo.

Mkufunzi mwambie tu unataka skwoti, akusimamie. Umelipa.

SWALI: Kocha assalaam alaykum, niko Tanga. Mwezi wa Ramadhani niache kabisa au niendelee? Kila mwaka naanza upya mwezi wa mfunguo.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Endelea, ila lengo libadilike: mwezi huo huongezi, unalinda. Siku mbili kwa wiki, seti 2 badala ya 3, uzito punguza kama asilimia 10 kutoka ulipokuwa. Muda mzuri ni baada ya tarawehe, umeshafuturu na umekunywa maji, sio saa kumi jioni na jua lile la Tanga. Daku kula mayai au maharage sio chai na mkate tu. Baada ya Idi rudi kwenye seti 3 na wiki mbili hivi utakuwa pale pale ulipoachia.

SWALI: Kijana, mimi nina miaka 56, nina presha, natumia dawa. Naweza kuanza vyuma?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Unaweza, lakini daktari wako akupime kwanza na umwambie wazi kwamba ni vyuma, sio kutembea. Akikubali, anza na repu 10 za uzito mwepesi, siku mbili kwa wiki, na usibane pumzi: toa hewa unaposukuma, vuta unaposhusha, maana kubana pumzi chini ya mzigo ndo kunakorusha presha juu ghafla. Ukisikia kichwa kinagonga au kizunguzungu weka chini siku hiyo. Skwoti anzia kwenye kiti, kaa na kusimama bila mzigo, ukiweza 3x10 bila kushika mahali ndo tuzungumze chuma.