Kifaru wa kwanza au kifaru cha kwanza?

SWALI: Ninatafsiri habari fupi ya mashine ya kivita ya Waingereza iitwayo Little Willie. Nimeandika: "Little Willie ni kifaru wa kwanza, ambaye alijengwa Lincoln mwaka 1915 lakini hakuingia kwenye huduma." Mwenzangu anasema kifaru ni mnyama tu, niandike "tangi la kwanza". Nani yuko sahihi?

JIBU: Neno lako ni sahihi, kilichoteleza ni upatanisho. Kifaru wa mbugani ana uhai, kwa hiyo tunasema kifaru amelala, vifaru wawili. Kifaru cha jeshi ni chuma, nacho hurudi kwenye ngeli yake ya ki-vi: kifaru kimekwama, vifaru viwili. Unalifanya hili kila siku bila kuwaza. Ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Kiboko amezama mtoni, lakini kiboko cha mwalimu kimekatika. Maana ndiyo inayoamua, si umbo la neno. Na ukitaka kuhakikisha, jaribu neno faru: wahifadhi hulitumia kwa mnyama mchana kutwa, ila hutasikia mtu akisema jeshi lina faru kumi.

Tangi je? Hapo namkatalia mwenzako, ingawa naelewa alikolitoa. Mwanzoni Waingereza waliviita vyombo hivi meli za nchi kavu. Kamati ya kuvibuni iliundwa na Winston Churchill Februari 1915, akiwa waziri wa jeshi la majini. Desemba mwaka huo wakataka jina la kuficha siri, wakachukua neno lao la tangi la maji, ili anayelisikia asishtuke. Hila hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili hakina sababu ya kuibeba, kwa kuwa chenyewe kimekitazama kitu kikaona ngozi nene, uzito, na mwendo wa kuparamia kila kilicho mbele. Mimi nalipenda sana neno letu, nasi tulitumie kwa kujiamini. Liweke tangi mahali pamoja tu: pale habari yako inaposimulia hiyo siri.

Sasa "alijengwa". Tunajenga nyumba, daraja, ukuta. Jahazi huundwa, na anayeliunda ni mwunda. Kwa chombo kilichozaliwa na kamati ya meli, kitenzi kuunda kinakaa vizuri mno.

"Hakuingia kwenye huduma" ndiyo sehemu iliyonikwaza zaidi. Huduma ni ya zahanati, ya maji, ya benki. Silaha hupokewa jeshini, au hutumika vitani. Usiandike pia "hakijawahi kutumika", maana -ja- huacha mlango wazi, kana kwamba bado tunasubiri. Little Willie kiko kwenye jumba la makumbusho la Bovington, kusini mwa Uingereza, na habari yake imekwisha. Andika "hakikuwahi".

Ukiwa na nafasi, mweleze msomaji ni kwa nini hakikuwahi. Kilipojaribiwa Septemba 1915 kilikuwa na minyororo, ile mikanda ya chuma inayozunguka magurudumu, iliyonunuliwa Chicago. Kikivuka handaki, minyororo ililegea chini ya tumbo na kuchomoka kwenye magurudumu. William Tritton, aliyekiunda pamoja na Walter Wilson, akabuni minyororo mipya isiyochomoka, ikafungwa kabla mwaka haujaisha. Lakini mahandaki ya adui yalikuwa mapana kuliko uwezo wake, na tayari walikuwa wakiunda kingine kikubwa zaidi, ambacho minyororo yake ilizunguka mwili mzima. Hicho ndicho kilichozaa vifaru vilivyoingia vitani kule Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916. Little Willie kikabaki bila hata mzinga. Tundu la juu, palipokusudiwa pawe na kibanda cha chuma kinachozunguka na mzinga wake, lilizibwa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Little Willie ni kifaru cha kwanza cha majaribio, kilichoundwa mjini Lincoln mwaka 1915, lakini hakikuwahi kupokewa jeshini."