Fundi anapodai zaidi ya mlichopatana kwa mdomo

Jumamosi moja asubuhi fundi wa tailisi alisimama mlangoni kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, akaniambia, "Mama, bado elfu kumi na tisa na mia tano." Kwa hesabu yangu zilikuwa zimebaki elfu nane tu. Tulipatana kwa simu: shilingi 24,000, leba peke yake, vifaa juu yangu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Nilikuwa nimeshamlipa 16,000.

Nilikasirika sana, na hasira hiyo ndiyo ningependa kuizungumzia kwanza, kwa sababu karibu initie hasarani. Mashine yake ya kukatia tailisi ilikuwa bado ndani kwangu. Ndugu yangu alinishauri niifungie mpaka fundi arudi kwenye bei ya kwanza. Nashukuru sikumsikiliza. Chombo cha fundi ndicho sahani ya watoto wake. Ukikizuia, wewe uliyekuwa na malalamiko unageuka mtu wa kulalamikiwa, na yeye anapata sababu ya kwenda kituo cha polisi. Polisi nao si mahali pa kupeleka ubishi wa leba. Hilo ni dai la pesa, si jinai.

Neno lililotuponza lilikuwa "kazi yote". Mimi nilipolisema, nilimaanisha sebule, korido, jikoni na bafu, na kila kinachohitajika mpaka nifagie niingize viti. Yeye alilisikia kama alichokipima siku ile: mita za mraba 34 za sakafu na 14 za ukuta wa bafu, kila mita shilingi 500. Piga hesabu, inatoka 24,000 kamili. Skatingi, zile tailisi nyembamba za chini ya ukuta, hupimwa kwa mita za urefu, na hakuzipima. Plasta ya bafu ilikuwa imeoza kwa ndani, ikabidi agonge yote na kupiga upya. Hilo hakuliona mpaka alipoanza kazi. Kwa hiyo alikuwa anadai 4,000 za skatingi na 7,500 za plasta juu ya salio. Hakuwa mwizi. Kila mmoja wetu alikuwa na mapatano yake kichwani, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

Usiku ule nilikaa na simu nikakusanya kila kitu. Ukijikuta katika ubishi kama huu, anzia hapo kabla ya kumjibu mtu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha nani alipokea, lini na kiasi gani. Hauonyeshi pesa zilikuwa za nini. Nilikuwa nimemtumia 10,000, kisha 6,000, kisha 3,500 za gundi na groti, ule unga wa kuziba nafasi kati ya tailisi, zote kwa namba ileile. Hizo 3,500 nusura zituzulie ubishi wa pili. Zilizoniokoa ni risiti ya hadwea na picha ya mifuko aliyonitumia siku hiyo.

Halafu nikasikiliza jumbe za sauti za WhatsApp, moja baada ya nyingine. Kwenye mmoja nikajisikia nikisema, "Na fundi, usisahau zile za chini ya ukuta." Bei sikutaja. Niliucheza mara tatu. Nilikuwa nimeshamwambia ndugu yangu, kwa kiapo, kwamba skatingi sikuwahi kuiongeza juu ya kazi. Nawaomba msikilize sauti zenu wenyewe kabla ya kuapa.

Asubuhi nilimtumia 5,000 na ujumbe chini yake: hizi ni sehemu ya zile 8,000 ambazo sote tunakubali, mengine tuyazungumze nyumbani, njoo uchukue na mashine yako. Sikutuma 8,000 zote kwa sababu nami nilikuwa na malalamiko juu ya kazi. Lakini kulipa kile kisichobishaniwa kulibadilisha sauti yake kabisa. Aliyenipigia simu mchana ule alikuwa yule fundi niliyemjua mwanzoni.

Tulihitaji mtu wa tatu, na hapa watu wengi hukosea. Humwita kaka mtu, au mwenye nyumba, au jirani mwenye sauti kubwa. Mwite mtu ambaye nyote wawili mtaona haya mbele yake. Kwetu alikuwa mzee wa hadwea aliyenipa namba ya fundi. Fundi anamhitaji ili apate kazi, nami hununua kwake. Kama hamna mtu wa namna hiyo, ofisi ya chifu husikiliza mambo haya.

Mzee alikuja na tepu. Hakuuliza nani mkweli. Alipima skatingi: mita 38. Akauliza plasta ilichukua siku ngapi, na fundi akasema mbili, yeye na mtu mmoja wa mkono, yaani msaidizi. Kisha nikaomba nionyeshe yangu. Nilichukua sarafu nikagonga tailisi za sebule, tik, tik, tik, mpaka karibu na dirisha ambako tano zililia kama debe tupu. Zikilia hivyo, gundi haikushika chini, na siku kitu kizito kikianguka hapo zitapasuka. Bafuni nilimwaga beseni la maji. Yalitembea vizuri kuelekea tundu, ila kwenye kona ya mlango yakabaki yamesimama, upana wa sahani. Fundi alichuchumaa akayatazama kwa muda. "Hii ni yangu, mama," akasema. Baada ya hapo bei haikutuchukua nusu saa.

Tulikubaliana 3,000 za skatingi na 4,000 za plasta juu ya salio la 8,000. Jumla 15,000. Nilishalipa 5,000, nikampa 6,000 palepale, na 4,000 zikasubiri arekebishe mteremko na zile tailisi tano. Mzee aliandika kwenye ukurasa wa daftari: kazi gani, pesa gani, lini, nani anatoa gundi. Tukasaini sote watatu na kila mmoja akaupiga picha.

Je, kama fundi angekataa kuja? Au ningekuwa mimi ndiye mkaidi? Ni vizuri ujue kwamba mapatano ya mdomo ni mkataba mbele ya sheria ya Kenya. Sheria ya Mikataba hudai maandishi kwa mambo kama ardhi na kumdhamini mtu deni, si kwa leba ya tailisi. Kinachosumbua ni ushahidi, ndiyo maana zile jumbe zina thamani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na sheria inaipa siku 60 kumaliza kesi. Huhitaji wakili. Unajieleza mwenyewe, na Kiswahili kinakubaliwa. Mlango huo uko wazi kwa fundi vilevile, na deni la mkataba lina miaka 6 kabla halijapitwa na wakati. Anayemnyima fundi haki yake akidhani ameshinda kwa sababu hakuna karatasi anajidanganya.

Mimi ningeenda huko mwisho kabisa. Kwa elfu kumi na kidogo, siku za kazi utakazopoteza zinaanza kukaribia deni lenyewe, na fundi mzuri wa tailisi si rahisi kumpata mtaani.

Alirudi Jumamosi iliyofuata na mtu wake wa mkono. Zile tano walizitoa kwa patasi, na moja tu ndiyo ilivunjika. Kona ya bafu waliivunja wakaipandisha. Jumatatu jioni, gundi ikiwa imekauka, fundi mwenyewe alijaza beseni akalimwaga mlangoni, tukasimama kimya tukiyatazama maji mpaka tone la mwisho lilipoingia tunduni. Nikatuma 4,000 nikiwa papo hapo, na chini yake nikaandika: mwisho wa leba ya tailisi, sakafu, bafu, skatingi na plasta, hakuna salio. Akajibu, "Sawa mama, nimepata."