Napaka mafuta, lakini mtutu unashika kutu

SWALI: Naishi Ohio, Marekani. Mwaka jana nilinunua bastola ya zamani ya jeshi la Yugoslavia, Zastava M57, pamoja na kopo la risasi za kijeshi za miaka ya 1950. Kila nikitoka kulenga shabaha naipaka mafuta, ila siku ya tatu mtutu una kutu ndani. Mwenzangu anasema nipulizie dawa ya kusafishia vioo, ati amonia inaua asidi ya baruti. Ni kweli?

JIBU: Asidi ipi, ndugu yangu? Humo hamna asidi. Hii hadithi ya amonia nimeijibu hadi nimechoka, na bado naletewa mitutu iliyoliwa na wenyewe wameapa kwamba dawa walipuliza.

Fataki za risasi zile, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zina klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, jamaa wa karibu wa hii ya mezani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na chuma kinaanza kuliwa. Aliyewahi kuezeka mabati karibu na bahari haelezwi zaidi.

Sasa chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukiyapaka juu yake umeifunika shuka tu, ilale vizuri. Inayeyuka kwenye maji. Dawa ya vioo husaidia kidogo kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Amonia haifanyi lolote pale. Na kwa kuwa mtu anaiamini, anapuliza mara mbili, anafuta, anakwenda zake. Maji ya birika hayauzwi.

Siku hiyohiyo uliyopiga, fungua bastola, toa mtutu, mimina maji ya moto mengi kuanzia upande wa chemba, pale inapokaa risasi. Osha magazini, uso wa slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipiga) unaogusa kitako cha risasi, na tundu la pini inayogonga fataki. Hapo wengi husahau. Maji yawe moto ili chuma kikauke upesi. Masizi ya baruti yasafishe baadaye kwa kiyeyusho chake, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kesho yake chungulia tena. Kutu yako ikiwa ya juujuu, brashi ya shaba itaitoa. Vishimo havitoki.

Wala usimsikilize muuzaji anayekuapia kwamba risasi zake kuukuu "hazili chuma" eti kwa sababu ganda linang'aa. Ganda si fataki. Huyohuyo atakuambia risasi za Tokarev, 7.62x25, aina ileile ya M57 yako, zinaingia kwenye Mauser C96, bastola ya kale ya Kijerumani. Zinaingia, ndiyo, maana vipimo vyake karibu ni vilevile. Lakini nyingi zina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Mauser ile iliundiwa, na bastola hiyo ilitoka 1896. Mwenye nayo asiniletee slaidi, kwanza haina. Aniletee boliti yake, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, kabla haijapasuka.