Timu iliyovunjika moyo: anza na lile jambo walilolisema mpaka wakachoka

Mkuu, umesema umekabidhiwa timu ambayo watu wanafika kwa wakati na wanatimiza walichoagizwa, ila moyo umeshatoka kazini. Umeitisha vikao viwili vya kuwatia moyo na hakuna kilichobadilika. Nimepita hapo hapo, kwa hiyo nitakueleza yaliyonikuta.

Nilipewa kitengo cha matengenezo ya mitambo miezi 4 baada ya watu kupunguzwa. Mafundi walikuwa 14, nikawakuta 9, na kazi ilibaki ya watu 14. Siku ya kwanza niliwakusanya, nikaongea dakika 40 kuhusu tunakotaka kufika. Nikauliza nani ana swali. Kimya. Fundi mmoja wa makamo, mkongwe kuliko wote pale, alifunika kalamu yake taratibu, akaichomeka mfukoni mwa shati, akakaa akisubiri ruhusa ya kuondoka. Nilidhani wamenielewa. Kumbe wenzangu walikuwa wameshasikia hotuba za kutosha.

Wiki iliyofuata niliachana na vikao. Nikawa nakaa na mmoja mmoja, pale pale kwenye meza yake ya kazi, maana ukimwita mtu ofisini anakujibu kama anayehojiwa. Swali langu lilikuwa moja: ni kitu gani kinakukwamisha kila siku, umeshakisema, na hakuna aliyekishughulikia?

Yule mkongwe alivuta droo akatoa bunda la fomu. Kipuri chochote, hata beringi ndogo ya kuenea kiganjani, kilihitaji saini 3, na mwenye saini ya tatu alikuwa jengo jingine na anapatikana asubuhi tu. Mashine inalala siku 2, lawama anabeba fundi. Akaniambia, "Hili tumewaambia wakuu watatu kabla yako. Wote waliandika kwenye daftari." Na mimi nilikuwa nimeshika daftari, kalamu iko juu ya karatasi.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wangu. Nilifuatilia siku 9, karibu kila siku, mpaka ikakubaliwa kwamba vipuri vidogo vitatoka kwa saini ya fundi kiongozi wa zamu peke yake. Sikuitisha kikao kutangaza. Beringi ya kwanza ilitoka stoo ndani ya dakika 10, na kesho yake mkongwe akanifuata mwenyewe: "Na zile taa za karakana ya nyuma, nazo zinawezekana?" Hilo ndilo ombi la kwanza nililolipata tangu niingie.

Baadaye nilikuja kusoma kitu kilichonifafanulia nilichokiona. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia. Walipohamishiwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wengi walilala chini wakavumilia. Miaka mingi ilieleweka kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wawili hao hao, baada ya tafiti za ubongo, walikiri kwamba walikuwa wameligeuza jambo: kulegea ndiko mwili unakoangukia wenyewe mateso yakirefuka, na kinachojifunzwa ni kwamba nikifanya kitu, hali inabadilika. Mkuu, hilo halifundishwi kwa maneno. Mtu lazima alione likitokea, kwenye jambo lake, na mapema. Ndiyo maana nakushauri uanze na kidogo kinachowezekana mwezi huu, hata kama kero kubwa zaidi ipo.

Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer nao walichambua karibu maandishi 12,000 ya shajara za kila siku za wafanyakazi 238. Walichokikuta ni kwamba siku njema za watu kazini zilikuwa hasa zile ambazo kazi yenye maana ilisogea mbele, hata hatua ndogo, na kwamba kukwama kunaumiza kuliko kusogea kunavyofurahisha. Kwa hiyo kazi yako kubwa sasa ni kuondoa vikwazo. Mambo ya mfanyakazi bora wa mwezi yaweke pembeni kwanza. Kwa timu iliyoumia yanasikika kama dhihaka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wanalikwepa, nami nalitilia mkazo kwa sababu liliniuma. Kwenye makabati ya mafundi, majina ya wale 5 waliopunguzwa yalikuwa bado yamebandikwa. Hakuna aliyeyabandua na hakuna aliyewataja. Nilipouliza, kijana mmoja akasema hawakupewa hata nafasi ya kuwaaga; walifika asubuhi wenzao hawapo. Tulitenga nusu saa, tukawataja mmoja mmoja na kazi alizokuwa anazimudu. Wawili walilia. Kisha wenyewe waliyabandua majina yale, na katika mazungumzo hayo hayo ndipo ilipojulikana kazi zipi zimebaki bila mwenyewe. Tukaenda nayo juu orodha hiyo, na ripoti 2 za kila wiki zisizosomwa na mtu zikafutwa.

Wakaniuliza pia kama watu watapunguzwa tena. Nikawaambia: "Sijui. Nikijua nitawaambia, na nikikatazwa kusema nitawaambia nimekatazwa." Usithubutu kuahidi usichokishika mkononi. Timu ya namna hiyo imeshavunjiwa ahadi, na moja ya kwako ikivunjika utarudi nyuma ya pale ulipoanzia.

Si wote waliorudi. Mmoja aliondoka baada ya miezi 3, na nilimwandikia barua nzuri kwa moyo mmoja. Ila mwezi wa tano, kikao cha nusu saa kilichukua saa nzima na robo, watu wanabishana kwa sauti kuhusu ratiba ya zamu, mkongwe kasimama anachora ubaoni.

Kesho anza na mtu mmoja tu, yule mkimya kuliko wote. Muulize lile swali, kisha rudi hapa utuambie kakujibu nini, tuone kipi kinawezekana ndani ya wiki 2.