Usiuze ploti kwa ajili ya jina la kozi

Mwanangu, swali lako nimelipata, na kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza, naandika hapa ili na wenzako wasome. Una digrii ya saikolojia ya chuo cha hapo nyumbani. Wataka kuwa mwanasaikolojia wa kliniki, wa kukaa na wagonjwa, si wa kukaa na vitabu. Mkononi una barua mbili: moja ya Uingereza, uzamili wa mwaka mmoja wa saikolojia ya kliniki, ya pili ya Nairobi, uzamili wa miaka miwili, jina la kozi ni lile lile. Mamako, wifi yangu, yu tayari kuuza ploti ya Mtwapa ili karo ya Uingereza ipatikane. Waniuliza mimi niliyeko Leeds, huku Uingereza, tena kwenye kazi hizi hizi, ushike ipi.

Shika ya Nairobi. Najua utasema shangazi keshavuka, sasa anaondoa daraja. Basi nisikilize kwanza.

Kozi ya mwaka mmoja uliyopewa haikufanyi kuwa mwanasaikolojia wa kliniki, si huku wala kwengineko. Cheo hicho Uingereza kinalindwa na sheria tangu 2009. Ukijiita hivyo na hujaandikishwa na baraza la wataalamu wa afya, HCPC, umevunja sheria. Na wa kuandikishwa ni aliyemaliza uzamivu wa saikolojia ya kliniki: miaka mitatu, nusu darasani, nusu kwenye wodi na kliniki za NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, na kila mgonjwa unayemwona kuna msimamizi anayekukagua. Uzamili wa mwaka mmoja ni mihadhara, takwimu na tasnifu. Kozi nyingi za aina hiyo mwanafunzi humaliza bila kukaa na mgonjwa hata mmoja. Chuo hakikudanganyi, usije ukawalaumu. Fungua ukurasa wa kozi, teremka mpaka chini, chini kabisa, utakuta sentensi moja ya herufi ndogo isemayo kwamba kozi hii haimpi mtu sifa ya kuandikishwa. Juu yake kuna picha ya msichana mwenye daftari, anamsikiliza mtu kwa huruma. Picha ndiyo inayouza.

Sasa utaniambia: basi nitaanza na uzamili, halafu niingie uzamivu. Wengi huja na hesabu hiyo. Maombi ya uzamivu karibu yote hupitia ofisi moja, nayo iko hapa hapa Leeds, na kila mwaka wanaokataliwa ni wengi mno kuliko wanaochukuliwa, tena Waingereza wenyewe, waliozaliwa hapa, wenye digrii za daraja la kwanza. Kabla ya kuomba, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, BPS, lazima kikubali kwamba digrii yako ina msingi wanaoutaka. Digrii za nje hukaguliwa moja moja. Ikionekana ina pengo, watakwambia ukasome kwanza uzamili wa kuziba pengo hilo, ambao ni kozi nyingine, si hiyo uliyopewa. Halafu wataka kuona umefanya kazi na wagonjwa: msaidizi wa mwanasaikolojia, mhudumu wa wodi, kitu kama hicho. Halafu kuna suala la pesa. Wanaosoma uzamivu ule huajiriwa na NHS, wanalipwa mshahara wa daraja la 6 la NHS huku wakisoma, na karo hawalipi. Ni neema, lakini kwa kawaida ni ya wenye haki ya ukaazi. Vyuo vichache huchukua mgeni wa kujilipia, na kwa ada hiyo mamako hatauza ploti moja, atauza mtaa.

Na hapo hatujagusa viza. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hayazidi. Ada ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka, unailipa kabla hujapanda ndege. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mume wala mtoto, kwa hiyo wale wenzako walioolewa wajue hilo mapema. Ukimaliza unapewa muda wa kutafuta kazi, sasa ni miaka miwili. Atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapewa miezi 18. Ndani ya muda huo upate mwajiri wa kukudhamini. Kwa kazi za usaidizi wa saikolojia, zinazogombewa na kila mhitimu wa nchi hii, mwajiri ana haja gani na makaratasi ya mgeni?

Wengi huishia kwenye nyumba za wazee. Siidharau kazi ile. Nimeifanya, na kuna Wakenya wengi wanaosomesha wadogo zao kwayo. Lakini kuna binti niliyemjua hapa, kwao Malindi, amemaliza uzamili wake kwa alama nzuri kabisa, na saikolojia anayoifanya mpaka leo ni kumbembeleza ajuza anywe dawa saa kumi na mbili asubuhi. Kwao wanajua ni daktari.

Mimi mwenyewe msinifanye ramani. Nilikuja kwa ndoa, makaratasi yangu yalikuwa sawa, kwa hiyo milango iliyofungwa kwenu kwangu ilikuwa wazi. Nilianza wodi ya wagonjwa wa akili, shifti ya usiku. Kazi yenyewe ni hii: una ubao wa karatasi mkononi, kila dakika kumi na tano unapita mlango kwa mlango, unachungulia kwenye kidirisha, unahakikisha kifua kinapanda na kushuka, unaandika saa na jina lako. Mpaka alfajiri. Ukiona blanketi halitikisiki unafungua mlango, umuamshe, akutukane, ndiyo riziki. Pale nilijifunza kuhusu watu wagonjwa kuliko nilivyojifunza kwenye kitabu chochote, na nilimuona mwanasaikolojia wa kliniki kwa macho yangu: anakuja mara moja kwa wiki, anashika mgonjwa mmoja mmoja, na anayoyaandika ndiyo yanayobadilisha mpango mzima wa matibabu. Nikaelewa kwa nini wanamsomesha muda wote ule.

Baadaye nikapata nafasi ya kufunzwa kazi ninayoifanya sasa, kwenye huduma ya mazungumzo ya NHS ya hapa England, ile iliyoanza 2008 kwa ajili ya wenye wasiwasi na huzuni isiyokwisha. Ni mafunzo ya kama mwaka mmoja, unalipwa huku unafunzwa. Sitaki uipake rangi. Siku nzima nina kipaza sauti kichwani. Kila mtu nina nusu saa naye, mara nyingi kwa simu, na kabla hajaanza kuniambia lililomleta namuuliza maswali tisa: wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi hukuwa na hamu ya kitu, ni mara ngapi usingizi ulikutoroka, mpaka la mwisho, la kujiua. Najumlisha, alama ni kati ya 0 na 27. Naandika. Wiki ijayo namuuliza tena. Wapo wanaopona kabisa, nami hufurahi. Wapo ambao simu ya nusu saa haitoshi hata kufungua mdomo wao, na hao nawapeleka kwa wenye elimu kunizidi.

Na lugha, mwanangu. Si sarufi, sarufi unayo. Mzee wa Yorkshire akikwambia kwamba si mbaya sana, huenda keshaandika wosia. Ilinichukua miaka kuisikia ile sauti chini ya sauti. Wewe tayari unaisikia ya kwetu. Mama wa Majengo akikwambia moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, na usiku kuna kitu kinamkalia kifuani, unajua uulize nini, unajua pia kwamba keshapita kwa shekhe na kwa mganga kabla ya kukufikia, na hataki umcheke. Hilo hakuna chuo cha huku kitakachokufundisha, na kwa mtu atakayefanya kazi Mombasa ni nusu ya kazi.

Ndiyo maana nakwambia: anza na mahali utakapokaa na mgonjwa, kisha urudi nyuma mpaka kwenye kozi. Ulinitamkia wewe mwenyewe kwamba wataka kufungua kliniki Mombasa siku moja. Basi leseni utakayoihitaji ni ya Kenya. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na bodi yake, na bodi ndiyo inayokuandikisha. Mkenya aliyesoma nje naye hurudi kwenye bodi hiyo hiyo, cheti chake kitambuliwe kwanza, aeleze alifanya mazoezi wapi, chini ya nani. Mwenye uzamili wa Uingereza usio na mgonjwa hata mmoja ataeleza nini?

Kwa upande wa Nairobi, usichague kwa jengo. Chuo Kikuu cha Nairobi saikolojia ya kliniki yao iko kwenye idara ya magonjwa ya akili, ndani ya shule ya udaktari, kwa hiyo unazoea hospitali tangu mapema. USIU, chuo kikuu cha binafsi hapo Nairobi, wana uzamili na pia wana shahada ya udaktari wa saikolojia ya kliniki kwa atakayetaka kuendelea, ila karo yao unaijua. Chuo Kikuu cha Daystar wana jina katika ushauri nasaha. Na hapa tofautisha: ushauri nasaha ni kazi nzuri na yenye soko, lakini ukitaka kupima, kutambua maradhi na kushughulika na walioumwa sana, tafuta saikolojia ya kliniki. Kila chuo waulize mambo yale yale, kwa maandishi: masaa mangapi ya kukaa na wagonjwa, atachimenti, yaani mazoezi ya kazini, ni wapi, msimamizi ni nani na ana leseni gani, na je, bodi inawatambua. Anayejibu kwa kukutumia kipeperushi cha rangi, mwache.

Omba atachimenti mbili tofauti. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, kwa sababu pale utaona kila kitu. Ya pili ifanye nyumbani. Kuna wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali ya Port Reitz. Kuna vijana wa unga, wale mateja tunaopishana nao tukashika mikoba vizuri, wanaopanga foleni Kisauni asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kuwaachisha unga. Dawa wanapewa, wa kukaa nao chini akawauliza walianzaje na nyumbani kukoje ni wachache sana. Hapo utafundishika.

Sitakuficha upande mbaya. Kaunti haziajiri wanasaikolojia wengi. Utaanza kwa kugawa siku zako: shule mbili tatu, kituo cha kuacha unga, hospitali ya binafsi inayokulipa kwa mgonjwa. Mwaka wa kwanza wa leseni binamu yako wa duka la simu atakuzidi mapato, na atakukumbusha. Watu watataka uwashauri bure harusini. Lakini mambo yanafunguka. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua awe mhalifu, kinakiuka katiba. Kabla ya hapo familia ilificha, kwa kuogopa polisi. Sasa mama anaweza kumleta mwanawe hospitali na kusema lililotokea, na atahitaji mtu wa kumpokea.

Sikwambii usije huku daima. Njoo ukiwa na leseni na miaka kadhaa ya kazi, na mtu mwingine akilipa. Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, wanalipia uzamili wa mwaka mmoja, wanataka uwe na miaka miwili ya kazi, na wanakutaka urudi kwenu angalau miaka miwili baadaye. Kwako hilo si adhabu, ndiyo mpango wako. Kuna udhamini wa Jumuiya ya Madola pia. Wakati huo uzamili wa mwaka mmoja utakuwa na maana, maana utakuja kunoa kisu ulichonacho, kwa mfano matibabu ya kiwewe au ya watoto. Kama roho yako iko Marekani, huko mwanasaikolojia wa kliniki ni mwenye shahada ya udaktari wa saikolojia, miaka mitano au zaidi, na leseni ni ya kila jimbo peke yake. Uzuri ni kwamba programu nyingi za PhD humlipia mwanafunzi na kumpa posho. Ila wanachagua watu wa utafiti, nawe umeshaniambia utafiti hukuupenda.

Najua kuna jambo ambalo hukuliandika. Mamako anataka kusema "mwanangu yuko Ulaya" kwenye arusi na matanga, na si vibaya, naye alisema hivyo kwa ajili yangu miaka mingi. Nitampigia mimi. Mtoto wa kike akimwambia mamake usiuze, inasikika kama amekata tamaa; wifi akisema, anagombana na mimi, nami nimezoea.

Wewe fanya hivi. Leo hii waandikie chuo cha Uingereza swali moja: je, nikimaliza kozi hii nitaweza kuandikishwa HCPC kama mwanasaikolojia wa kliniki? Waombe jibu la ndiyo au la, na ulihifadhi, mamako atalihitaji kuliko maneno yangu. Nairobi wakubalie nafasi kabla haijapita, na uwaulize kama karo inalipika kwa muhula, maana nikijua kiasi cha kila muhula naweza kusaidia bila mtu kugusa ardhi. Nitumie na transkripti zako, hasa ya mwaka wa tatu. Ulisema alama ya takwimu haijatoka mpaka leo. Fuatilia hiyo kabla ya chochote, idara hazipokei mtu mwenye pengo kwenye takwimu.